Mkate wa Jumapili

Jumapili, 6 Oktoba

Nimechoka. Najua, ndivyo ninavyoanza kila mara, lakini leo nimechoka mpaka kope. Foleni ya mkate ilifika geti la kanisa. Wengine Biblia bado mkononi. Saa kumi na moja jioni nafungua dirisha — kabla ya hapo mkate wangu ni dhambi, baada ya hapo ni mkate tu.

Mke wangu, Vaimoana, kanisimulia mahubiri ya alasiri. Mimi nilikuwa kwenye tanuri, kama kawaida. Mchungaji mpya kasema kijiji kilihalalisha mkate wa Jumapili kwa ajili ya kile kimbunga kilichopiga kisiwa chetu. Migomba ililala chini, viazi vikaoza, watu wale nini? Sasa miaka kumi imepita, ndizi zinaiva mpaka zinaanguka. Dharura imekwisha! Jumatatu ya tarehe 14 atalipeleka jambo hili kwenye mkutano wa kijiji, marufuku irudi.

"Pole, mume wangu," kasema Vaimoana.

Nikainamisha kichwa kama mfiwa. Moyoni — tarumbeta!

Jumanne, 8 Oktoba

Kutwa napewa pole. Mtu mmoja kaniletea kuku. Nimempokea, kuku hana hatia.

Jana usiku kwenye kikao cha kava, kinywaji chetu cha mizizi, hawakuzungumza lingine. Fatai, mkuu wetu wa kijiji, anapenda kueleza maneno. Kasema kuhalalisha ni kufungua mlango tu, mtu halazimishwi kuingia.

Nikauliza, "Na anayeushika mlango usijifunge, je?"

"Mlango gani? Wewe una dirisha!" Wakacheka mpaka kava ikamwagika. Nami nikacheka. Ndiyo kazi yangu, kuoka na kucheka.

Lakini nimelifikiria kutwa. Wakati ule waliponihalalishia, nilielewa hivi: ukitaka, oka. Neno hilo wamelitumia Jumapili baada ya Jumapili, sasa maana yake ni: oka. Mwaka juzi nilifunga duka siku moja kwa sababu ya mgongo. Waligonga dirisha mpaka giza. Mmoja akauliza mgongo na hamira vinahusiana nini!

Alhamisi, 10 Oktoba

Vaimoana anaongoza kwaya. Waimbaji wa besi wamebaki wawili, na mmoja wao meno yake ya bandia yanapiga mluzi. Zamani nilikuwa besi mimi. Nzuri pia — nani atanisifu humu nisipojisifu?

Leo tukimenya magimbi kanirushia neno: "Kuna wajane kanisani wenye waume kuliko mimi." Alikuwa anacheka. Halafu akaendelea kumenya, na hakuwa anacheka.

Nikamwambia. Kwamba naomba Mungu wapige marufuku. Kwamba nikisikia kwaya inaanza ng'ambo ya barabara nakanda kwa kufuata besi yangu, peke yangu, kama kichaa.

Kwanza alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akafuta macho kwa aproni.

"Basi waambie, Sateki."

"Mbele ya Shangazi?"

Akaokota gimbi jingine. Naye anamjua, na kwetu dada wa baba hapingwi.

Jumamosi, 12 Oktoba

Kaja! Shangazi Ofeina mwenyewe, na mwavuli wake. Baba yangu hakuwahi kumjibu dada yake mpaka anaingia kaburini. Mimi ni nani?

"Mwanangu, usikonde," kasema. Hapo nilicheka kidogo, tumbo langu analiona. "Nimezunguka nyumba zote. Hakuna wa kukunyang'anya haki yako. Tutadai mkate uhalalishwe kabisa, toka asubuhi, na kimbunga kisitajwe tena."

"Toka asubuhi, Shangazi?"

"Ulidhani tutakutupa?"

Nikasema asante. Asante! Mdomo huu ungekuwa wa mtu mwingine ningeupiga.

Jumapili, 13 Oktoba

Mikate imekwisha yote. Mke wa mchungaji kanunua miwili, kaificha chini ya mkeka wake wa kiunoni, ule tunaojifunga kwenda kanisani. Ya moto! Hajawahi kutembea haraka vile. Nami mgongo unaniuma.

Jumatatu, 14 Oktoba

Naandika dukani, kwenye meza ya kukandia. Mkutano uko kwenye mapumziko ya chakula. Nimesema naenda kutazama tanuri. Tanuri halina moto, Jumatatu sioki.

Mchungaji kaanza vizuri tu. Kisha wakasimama wengine, mmoja baada ya mwingine, wote "kwa niaba ya ndugu yetu Sateki." Sateki anatulisha. Sateki hajawahi kulalamika. Mmoja kalia! Shangazi kamaliza: kilichohalalishwa kwa jasho la mtoto wa kaka yake hakitaharamishwa na mgeni wa juzi. Makofi. Nilitamani kulala chini ya benchi.

Kumbe mchungaji si mjinga. Kanigeukia.

"Mkate tumeusema, Jumapili tumeisema. Mwokaji mwenyewe hatujamsikia. Ndugu Sateki, wewe unataka nini?"

Miaka kumi, hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikafungua kinywa. Shangazi akaniangalia kwa mapenzi — hapo ndipo uchungu ulipo, kwa mapenzi kabisa. Fatai akaokoa jahazi: tule kwanza, Sateki atasema tukirudi.

Kwa hiyo nimekuja hapa kutafuta maneno. Nimeandika mengi juu ya mgongo, umri, ibada. Nimeyakata yote. Limebaki hili: Nataka kuimba.

Nimelisoma kwa sauti nione kama linatoka. Limetoka. Vaimoana alikuwa mlangoni, sikumsikia akija.

"Hivyo hivyo," kasema. "Usiongeze kitu. Wameshakaa. Shangazi yuko kiti cha mbele."

"Kakasirika?"

"Anakuwekea chakula. Kafunika sahani kwa mkono wake mwenyewe."

Ee Mungu wangu. Sahani!

Kaniambia niharakishe, ninawe mikono kwanza. Mikono? Nimetazama — ukurasa huu wote una unga. Kalamu ina unga. Na hapa mezani pembeni yangu kuna donge, kubwa, la mikate ya watu, limefunikwa kitambaa. Nimelikanda saa ngapi?

Na limeanza kuumuka.