Nimeokoa Vipande vya Matofali, Sasa Nakula Peke Yangu

Mpendwa Mama Theodora, shikamoo. Naomba msaada wako, maana hapa nilipo sina wa kumwambia. Mimi ni Myao wa Lisekese, nimeletwa huku juu Kitangari kutunza vifaa vya nyumba za walimu zinazojengwa, na kabla sijaja Mzungu wa ujenzi aliniita akaniambia kwamba kazi iliyopita vitu vingi vilipotea, basi hapa kisitoke kitu, hata kipande, nami nikalishika neno lake.

Mwanzoni nilikuwa nikila na fundi Dadi na vibarua wake, mkewe Sijaona akituletea ugali na kunde, tunakula sinia moja, na Dadi ndiye aliyekuwa akinifasiria Kimakonde ili nami nicheke wanapocheka. Kisha nikasikia kwamba Dadi anaondoka jioni na vipande vya matofali, nikamfuata kwake, nikakuta amechimba shimo uani na ameanza kulijengea kwa vipande hivyo, akasema ni la kukinga maji ya mvua, kwa kuwa mkewe ana mimba kubwa na bado anashuka bondeni kuteka, nikamjibu mali ya mradi ni ya mradi, nikasimama palepale mbele ya majirani mpaka akabomoa. Hakubisha. Alisema tu, "Yachukue, kaka. Nilidhani ni takataka."

Tangu hapo hakuna aliyenitukana, na afadhali wangenitukana. Wananisalimu, wanafanya kazi, ikifika saa ya kula wanahamia nyuma ya nyumba ya mwisho, na nikiwafuata mazungumzo yanakatika, kila mtu anatazama tonge lake. Sasa najipikia, nakula ndani ya nyumba mpya isiyo na mtu, najisikia ninavyotafuna. Vile vipande vimelala chini ya turubai, nyasi zinaviotea, na la ajabu ni kwamba hasara haijapungua, kila siku simenti tunayochanganya asubuhi inakuwa imeganda ikifika adhuhuri tunaitupa, na mifuko ya chini stooni imegeuka mawe, na Mzungu anauliza ninatunza nini. Mama, mimi sikuiba, mbona ninayeadhibiwa ni mimi? Niombe kuhamishwa, au nivumilie mpaka wanizoee?

Mtunza stoo, Kitangari

*

Marahaba, mwanangu. Barua yako imenihuzunisha, maana kula peke yako katikati ya watu ni kuchungu kuliko kula peke yako porini. Huruma yangu inaishia hapo.

Umemnyima maji mwanamke mjamzito kwa ajili ya vipande ambavyo hakuna mwalimu atakayejengewa navyo. Ulipokuwa unamvizia Dadi jioni, simenti ilikuwa inakufia mchana kweupe. Marehemu mume wangu alikuwa mwashi, na asingekuacha uchanganye rundo zima kwa mkupuo. Changanyeni kidogo kidogo, kadiri ya mikono iliyopo. Mifuko iwekeni juu ya magogo, isilale kwenye ardhi, na iliyotangulia kuja itumike kwanza. Tena kila rundo mnalotupa lina maji ndani yake. Nani aliyapandisha maji hayo kutoka bondeni? Si wake wa mafundi hao hao, debe kichwani? Wanakuona unavyoyamwaga, kisha wanakuona unavyolinda vipande. Wakuambie nini?

Usihame. Ukienda Lisekese na tabia hiyo, huko nako utakula peke yako. Mwendee Mzungu wako, mweleze bila kuficha simenti inapotelea wapi, kisha umwombe vipande visivyofaa wapewe wanaojenga. Akikataa, rudi umwombe tena, maana simenti ikiacha kutupwa utakuwa na la kumwonyesha.

Akikubali, usimtume kibarua. Vibebe mwenyewe hadi uani kwa Dadi, mchana, majirani wakikuona, kwa sababu ulimwaibisha mbele yao. Usianze na hotuba. Mwambie Dadi umekosa, mwambie na shemeji yako Sijaona, halafu uvue shati ushike koleo, mvua haiko mbali.

Chakula kikiletwa, huenda wasikukaribishe. Usingoje. Nawa mikono, ukae.