Masikio Yangu na Cherehani za Fundi

Tarehe 3 Februari

Mwanangu,

Basi ile pamba haikufaa kitu. Nimeitia kavu, nimeitia na mafuta, nimeisokota kama utambi wa taa, wapi! Sauti inapita humohumo kama maji kwenye chekecheo. Ngoja kidogo. Msusi amesimamisha kalamu, anasema barua haianzi hivyo, mtu anaamkiwa kwanza. Haya. Hujambo mwanangu? Kifua kimekuachia? Baba watoto hajambo, watoto hawajambo? Sisi huku ni wazima, wanaoumwa ni haya masikio tu. Umeridhika, msusi? Ameridhika.

Anayeniandikia ni huyu msusi wa mlango wa pili. Ana mdomo, lakini siri anaijua. Mkwe wangu siwezi kumpa kazi hii. Nitamwambiaje Fundi, "Hebu niandikie kwamba cherehani zako zinaniua"?

Maana zinaniua, mwanangu. Zile mbili za kushonea nazivumilia, zinanguruma kama paka aliyeshiba. Lakini kuna ile ya kufunga nyuzi, ovaloki wanaiita. Ikiwashwa ni nyigu ndani ya debe, na debe lenyewe ni kichwa changu. Meno yananisisimka. Na si mashine peke yake, hata kijiko kikianguka nashtuka kama nimepigwa kofi. Wazee wenzangu wanalia hawasikii, mimi nalia nasikia mno. Daktari wa zahanati amenitazama na kile kitochi chake, akasema, "Bibi, masikio yako ni ya msichana." Nikamwambia basi mpe msichana, mimi nipe ya kizee. Akacheka, akaniandikia vidonge vya kichwa.

Usiniambie nimwambie Fundi. Kaka yako na lori lake tunamwona akipita kama mgeni, nyumba hii inakula kwa sindano ya mkewe, Fundi. Nikitoa neno moja atazifunga mashine zote. Yule si wa maneno, yule anatenda kwanza. Halafu mimi niwe mama mkwe wa namna gani? Bibi yako, mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, alikuwa anasema natwanga kwa kiburi. Kutwanga! Hebu niambie, mtu anatwangaje kwa kiburi? Mpaka leo sijui. Lakini nilikuwa natwanga huku nahesabu pumzi.

Basi nitafutie kitu. Kidogo, kisionekane chini ya kitambaa cha kichwa, kisiumize, kisiwe cha bei ya wenye magari. Usinipigie simu, simu nayo inanipigia kelele ndani ya sikio. Andika, tuma kwa msusi.

Mimi mama yako.


Tarehe 17 Februari

Shikamoo Mama,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na Msusi pia nampa salamu. Kifua kimepona. Watoto wanakusalimu, mdogo ameng'oka jino.

Nimekutumia vizibo vya masikio. Ndivyo tunavyovaa kiwandani kwetu kwenye mashine za chupa, mwenye stoo amenipa pakiti nzima. Ni vya sponji. Unakisokota kwa vidole mpaka kiwe chembamba, unavuta sikio juu kidogo, unakiingiza, unakishikilia mpaka kivimbe chenyewe. Usikisukume ndani sana. Kikichafuka tupa, vaa kingine. Na pamba yenye mafuta acha kabisa, Mama, utaziba sikio upate shida nyingine.

Wifi yangu namheshimu, lakini sipendi uishi kwa kujificha. Kwangu hapa kuna chumba cha nyuma. Kimya mpaka unasikia mjusi anatembea. Fikiria.

Mimi mwanao.


Tarehe 10 Machi

Mwanangu,

Msusi amekwisha kukuamkia hapo juu? Bado? Andika basi, hujambo, tumefurahi kwa jino, mwambie mjukuu wangu alitupe juu ya paa. Tuendelee.

Vizibo vimefika. Njano kama vifaranga. Siku ya kwanza nilihangaika navyo, vidole vyangu vizito, nikikisokota kinavimba kabla hakijafika mlangoni. Msusi alinitilia, huku anacheka. Mwanangu! Dunia ikazima. Ovaloki naiona inatikisika, siisikii. Nilitaka kupiga kigelegele, lakini hata kigelegele nisingekisikia.

Ila vinaziba kuliko nilivyoomba. Nasikia moyo wangu unatembea na viatu. Nikitafuna ni kama napita juu ya kokoto. Na baada ya muda tundu la sikio linawasha, linauma kama pete iliyobana. Hayo ningeyameza. La kuniudhi ni hili hapa.

Nimekaa jikoni, nachagua mchele, kimya changu kizuri. Fundi ananiita. Sisikii. Anaita tena. Anakuja mlangoni ananiona mgongo, anasema, "Mama, chakula tayari." Mgongo haujibu. Kumbe kutwa nzima ndivyo hivyo, na jana yake, na juzi yake! Yeye anaona mama mkwe kanuna. Ghafla kivuli kinanijia mbele, nainua macho, Fundi huyo, machozi yanamtiririka, midomo inacheza. Nikachomoa kimoja haraka, nikadaka maneno ya mwisho: "...nimekukosea nini, Mama, si uniambie tu!"

Fundi kulia! Huyo aliyemzaa mwanawe wa kwanza bila kupiga ukelele, wakunga wakadhani bado.

Nikasema, "Hujanikosea kitu, mkwe wangu, ni upepo."

"Upepo gani?"

"Upepo wa masikio. Nimetiwa dawa."

Akakitazama kile cha njano mkononi mwangu. "Dawa ya sponji?"

"Ya kisasa."

Alinipakulia, akakaa mpaka nimalize. Sijui kaamini au kanistahi.

Basi hivi sivitaki kila siku. Nitafutie vingine, laini, visiwashe, vikate ukali lakini viache sauti ya mtu ipite. Kama hakuna kitu cha hivyo duniani, waambie hao wenye viwanda wakitengeneze, wanangoja nini? Na habari ya kuhama usiniambie. Hapa mimi ndiye ninayefungua mlango asubuhi.

Mimi mama yako.


Tarehe 29 Machi

Shikamoo Mama,

Hali yako? Masikio? Sisi wazima.

Nimezunguka maduka ya dawa mpaka viatu vimeniomba msamaha. Kuna vya nta, unavibandika mlangoni mwa sikio, lakini vinanasa nywele na kuyeyuka wakati wa joto. Kuna yale makubwa ya kuvaa kichwani kama wajenzi, utachekwa. Kuna vya bei ya ajabu kwenye kisanduku kama cha mkufu, nikavirudisha. Mwishowe nimepata hivi, na bei yake ni ya watu kama sisi. Ni vya mpira laini, vina miavuli mitatu midogo iliyopandana, katikati kuna tundu jembamba. Ukali unapungua, mtu akisema nawe unamsikia. Nimechukua saizi ndogo. Unaviosha kwa maji vuguvugu na sabuni, unakausha, unavaa tena. Hakuna kusokota. Nimevijaribu mwenyewe wakati watoto wanagombana, nikawasikia lakini sikuwachukia.

Ila nisikilize. Unaumia ndani ya nyumba ya mwanao na unajificha kama mwizi wa kuku. Unasema upepo! Kama cherehani za huyo mwanamke bado zinakuumiza hata na hivi, panda basi uje. Chumba nimekipaka rangi. Ukiona aibu kumwambia, nitamwambia mimi.

Mimi mwanao.


Tarehe 2 Mei

Shikamoo Mama,

Unaendeleaje? Aprili yote sijapata neno. Kaka nikimpigia yuko njiani, hajui kitu. Jana wifi amenitumia ujumbe kwenye simu, mstari mmoja: "Wifi, cherehani nimezifunga, sasa Mama atapumzika." Nikampigia, hapokei.

Kumetokea nini? Mzigo ulifika? Barua nani alikusomea? Nijibu neno moja tu, chumba kinakungoja. Unahamia kwangu au unabaki?

Mimi mwanao.


Tarehe 11 Mei

Mwanangu,

Salamu zote pokea, za msusi ndani yake. Alikuwa kwa dada yake aliyejifungua, mapacha, mmoja mwekundu mmoja mweusi kama sufuria, wazuri. Ndiyo maana ya ukimya, mkono wangu wa kuandika ulikuwa umesafiri.

Na ndiyo maana ya balaa pia. Mzigo ulikuta kwa msusi pamefungwa, yule kijana wa ofisi ya mabasi akauliza jirani, akaambiwa mzigo wowote mtaa huu mpe Fundi. Fundi akaingia nao anatabasamu. "Mama, kuna barua ya mwanao. Nikusomee?"

Hebu niambie ningejibu nini. Nikisema hapana, anajua kuna neno. Nikasema soma. Nikasema moyoni, mwanangu ana adabu, atakuwa ameandika habari za watoto.

Alisoma yote. Miavuli, tundu, sabuni. Alipofika kwenye "huyo mwanamke" sauti haikutetemeka, alisoma kama mtu anayesoma risiti. La mwizi wa kuku alilisoma. La upepo alilisoma. Akaikunja barua, akaniwekea mapajani pamoja na mzigo, akaondoka. Nikasikia swichi. Tap. Tap. Ya tatu, ovaloki, tap. Akazifunika kwa mashuka.

Nilikuambia yule anatenda!

Wateja wakawa wanakuja. Mama mmoja na sare za shule kifuani, anasimama mlangoni. "Fundi, vipi?" "Mashine zimepumzika." "Mpaka lini?" "Zimepumzika." Yule mama akashika njia kwa fundi wa kule sokoni. Na mwingine. Na mwingine. Fundi anaosha sufuria safi, anakunja nguo zilizokunjwa. Ananiamkia vizuri, ananipakulia vizuri, ananinyamazia vizuri. Nilivumilia nikidhani hasira zitapoa kama chai. Hazikupoa, maana hazikuwa hasira.

Siku moja nikamfuata uani. Nikasema, "Fundi, washa mashine zako."

"Hapana, Mama."

"Watoto watakula mashuka?"

"Watakula. Baba yao ana lori." Halafu akageuka. "Mama, miaka yote hii unaniogopa?"

"Sikuogopi. Nakuhifadhi."

"Kwa kunidanganya? Ukamwambia msusi, ukamwambia wifi, ukamwambia daktari. Mimi ninayekuogesha mgongo ukiumwa, mimi ukaniambia upepo!"

Mwanangu, nikasema, "Hapo umenishinda." Mimi, kusema hivyo! Mwambie na baba watoto, atafurahi.

Nikarudi ndani, nikavaa vile vizibo vyako vya miavuli, nikatoa shuka, nikaketi kwenye cherehani kubwa, nikapata swichi, nikakanyaga. Yesu na mitume, kumbe kitu kina mbio! Kulikuwa na mkono wa gauni la watu umelala pale, ukaondoka, ukajikunja, ukajishona wenyewe kwa wenyewe kama soseji. Fundi kule uani akapiga ukelele, "Mama! Vidole!" Akaruka, akachomoa waya ukutani. Tukatazamana. Ndipo nikakumbuka kwamba nimemsikia. Toka uani, mashine inanguruma, nimevaa vizibo, na "vidole" nimelisikia lote.

Nikamwambia. Hakuamini. Akasimama nyuma yangu akanong'ona, "Mama, umeharibu gauni la bibi harusi." Nikasema, "Bibi harusi gani anavaa mkono wa kijani?" Akaanza kucheka, akakaa chini sakafuni akacheka mpaka akalia, na safari hii nililia naye.

Basi tukajaribu moja moja. Anawasha, ananitazama. "Hii?" Hii haina neno. "Na hii?" Nayo paka. "Na ovaloki?" Ovaloki, mwanangu, nisikudanganye, bado shetani, ila sasa ni shetani wa mbali. Tumekata godoro la zamani, kila mguu wa meza umevaa kiatu. Na ovaloki imehamia dirishani, na kabla hajaiwasha anapaza sauti, "Mama, shetani anakuja!" nami natoka nje nikamwage maji au nimsengenye mtu hapa kwa msusi. Wateja wanafikiri tumepagawa. Yule mama wa sare amerudi, fundi wa sokoni amemshonea mifuko nyuma mbele.

Nami nimepewa kazi. Vifungo na pindo, kwa mkono, nakaa hukohuko katikati ya mashine. Jioni naviosha vizibo, naviweka kwenye kifuniko cha chupa. Kuna siku vinanichosha, navitoa, nakaa uani. Si dawa ya miujiza. Lakini masikio hayawashi.

Fundi anakusalimu. Amesema "huyo mwanamke" anakusalimu, andika hivyohivyo, msusi. Alikuwa anacheka, lakini mpigie umwombe radhi. Na ile rangi uliyopaka, umepaka rangi gani? Maana chumba cha nyuma mwangaza wake mdogo, kama umepaka kijani kitakuwa kisima. Kuhusu lile swali lako, nilitaka kukuambia kwamba mimi, kama ninavyokujua na moyo wako, na siku zangu hizi...

Abee! Abee, Fundi! Vipi? Koti la nani? Lile la mwalimu? Vifungo si nimekwisha... Vinne bado? Mwambie asiondoke! Msusi, niachie hapo, malizia wewe, andika mama yako. Kuna mtu amesimama nusu koti. Naingia, Fundi, naingia!