Jogoo wa Kufidia Jino la Paka

Jumamosi, 7 Oktoba

Nimemleta. Yuko chini ya kitanda, hataki kutoka. Dume, rangi ya tangawizi, sikio moja limechanika, kichwa kikubwa kama cha bondia mstaafu. Kule kituo cha wanyama waliookolewa walimpa jina Biskuti. Sikulibadilisha. Ni jina la kipumbavu na linamfaa.

Anneke wa kituoni amenirudia maelezo kabla sijaondoka. Ana virusi vya paka, vile vinavyokula kinga ya mwili taratibu. Havina tiba. Binadamu havimpati. Akila vizuri anaweza kuishi miaka mingi — ila asitoke nje, asipigane, maana vinahama kwa meno. Nikamwambia, dada, mimi ni mshauri wa kliniki ya dawa za kufubaza virusi. Kila siku nakaa na watu na mambo haya haya. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Nikavimba kichwa njia nzima mpaka nyumbani Tlokweng.

Hapa hakuna anayesoma, basi niseme. Sikumchukua kwa huruma tupu. Walikuwepo paka wadogo wazima, wazuri. Nilimchagua mgonjwa ili nisifiwe.

Jumanne, 10 Oktoba

Ametoka uvunguni. Amekula maini. Amenitazama kama mwenye nyumba anayemtazama mpangaji.

Mtaa umeshajua. Hapa kwetu mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake, na mimi nina miaka arobaini na mbili na bado ni Seipone. Asubuhi, kwenye foleni ya maandazi ya magwinya, jirani yangu Mama Tirelo ameniamkia kwa sauti ya kusikika: "Mama Biskuti, umeamkaje?" Foleni nzima ikacheka. Nikacheka nao. Nimerudi nyumbani na magwinya yangu na sikuweza kuyala.

Hana ubaya, Mama Tirelo. Tumetenganishwa na uzio wa waya tu. Alikuwa mpishi wa shule mpaka alipostaafu. Mwanawe yuko mgodini na huja Krismasi. Anaishi na paka wake, Pitse, mzee mwenye mistari ambaye humlalia shingoni kama kitambaa. Anamwita mume wake. "Huyu halewi, hapigi, na harudi na harufu ya mtu," ndivyo asemavyo.

Jioni aliniuliza kwenye waya mbona mtoto wangu haonekani uani. Ni mfungwa? Nikasema bado mgeni, anazoea. Ningeweza kusema pale pale kwamba anaumwa. Lakini watu hapa wanauita ukimwi wa paka, na nilijua kitakachofuata: mshauri wa ukimwi kakosa mume, kaenda kumchukua paka mwenye ukimwi. Mwaka mzima wangekula kicheko hicho.

Jumapili, 15 Oktoba

Joto la kuua. Nyumba ni sufuria. Nilifungua dirisha la jikoni nikasema nondo zitamzuia. Nondo zinamzuia mwizi. Paka si mwizi wa saizi hiyo.

Nilikuwa naoga niliposikia. Sauti ya paka wawili — ile ya kama watoto wanachunwa. Nimetoka na taulo. Walikuwa chini ya waya, upande wa Mama Tirelo, Biskuti juu, meno yake kwenye bega la Pitse. Mama Tirelo akawamwagia ndoo ya maji. Wakaachana.

Pitse ana shimo begani. Si mkwaruzo. Shimo. Nimeliona kwa macho yangu, damu inatoka.

Mama Tirelo alimfunga na kanga, akamwosha kwa maji ya chumvi, akaniambia nisilie, wanaume ndivyo walivyo, wakikosa ng'ombe wa kugombea wanagombea kivuli. Sikuwa nalia kwa sababu aliyodhani yeye. Nilisimama pale na taulo langu, mdomo wazi, maneno yote ninayo. Nikasema, "Pole sana, mama." Basi. Nikarudi ndani.

Jumatano, 18 Oktoba

Kazini leo kijana amekuja, fundi wa kuchomelea, amepimwa mwezi jana akakutwa na virusi. Ana mchumba. Hajamwambia. Nikampa yale niwapayo wote: kusema leo ni kazi, kusema kesho ni kazi na nusu. Akaniuliza, "Wewe dada, ungekuwa wewe, ungesema?" Nikamjibu ningesema. Sikusita hata. Akaitikia kwa kichwa, ameniamini.

Nimekwenda chooni nikakaa.

Halafu Anneke kapiga simu: Biskuti anaendeleaje? Anaendelea vizuri, nikasema. Anakula. Hatoki nje.

Alhamisi, 19 Oktoba

Nimeuliza kwa daktari wa mifugo, kwa simu, kama vile naulizia paka wa rafiki. Akasema kupima sasa ni kazi bure, damu haitaonyesha kitu. Asubiri kama miezi miwili. Huenda kapata, huenda hakupata. Mpaka hapo asichanganywe na paka wengine, na asing'atwe tena — kila jino ni bahati nasibu nyingine.

Miezi miwili. Na yule mama analala naye shingoni. Yeye hatapata kitu, hilo najua. Lakini amejenga maisha yake juu ya paka yule.

Jumamosi, 21 Oktoba

Nimepata njia. Ng'ombe wako akiingia shamba la mtu huendi kusema peke yako kwenye waya. Unamtuma mjomba. Anakwenda, anaketi, anapewa maji, analeta kosa kwa maneno yenye heshima, na jambo linazungumzwa na watu wazima. Mjomba akisema, mimi nitakuwa nimesema. Nimejiona nina akili.

Nimepanda basi mpaka Mochudi kwa Mjomba Kebonang — kaka yake marehemu mama. Alikuwa anatengeneza kraal ya ng'ombe. Nikamweleza kwamba mnyama wangu amemjeruhi mnyama wa jirani. Akauliza ng'ombe gani? Nikasema paka. Akaweka nyundo chini.

"Seipone mwanangu," akasema, "miaka yote nimejiandaa siku ya kukusemea. Nilinunua koti la posa. Kumbe nitalivaa kwa ajili ya paka."

Amecheka mpaka akakohoa. Lakini hakukataa, kosa ni kosa. Kisha akauliza swali lenyewe: huyo paka wako ni mzima? Mtu anayekwenda kusema lazima ajue anachokisema.

Nikasema anaumwaumwa kidogo.

"Mafua?"

"Kama mafua."

Mkono wangu ndio ulioandika hayo maneno mawili sasa hivi, na ni mdomo wangu uliosema. Kwa mjomba wangu. Mzee mwenye koti la posa.

Jumapili, 22 Oktoba

Alikuja. Na koti. Na jogoo mwekundu mkubwa amefungwa miguu.

Mama Tirelo alipoona mzee wa watu na koti kwenye joto lile alidhani kuna msiba. Alipoelewa akataka kucheka, kisha uso ukabadilika. Akaenda kuvaa kitambaa cha kichwa na shali. Akatoa viti. Akasema hawezi kupokea neno peke yake, akampigia Tirelo mgodini, akaiweka simu juu ya stuli ili asikilize. Mimi nimeketi chini kwenye mkeka, miguu imekunjwa, kama inavyotakiwa.

Mjomba alisema vizuri. Nilijua atasema vizuri. "Tumekuja kwa miguu ya kosa. Mnyama wetu ameruka mpaka wa watu, akamtoa damu mnyama wa nyumba hii, naye ni mzee wa nyumba. Hatukuja kubishana. Tumekuja na huyu." Akamsogeza jogoo.

Simu ikasema kwenye stuli: "Mama, hawa watu wako serious?" Mama Tirelo akaiambia simu ifunge mdomo na iwe na adabu.

Kisha akamgeukia mjomba, akaniangalia na mimi. Alisema hajawahi kuheshimiwa hivyo tangu mumewe afe. Watu wamemmwagia maji machafu uani, wamemkatia mti, hakuna aliyewahi kuja. Akasema amepokea. "Yamekwisha. Hapa hapatafukuliwa tena."

Jambo likifungwa mbele ya wazee, atakayelifungua anawatukana wote wawili. Nililijua hilo. Nilijua tangu Mochudi. Mjomba akauliza kama nina neno. Nilikuwa nalo. Nikasema sina.

Jogoo tumemla jioni hiyo hiyo, na mtama, na mboga za morogo. Mapaja mawili Mama Tirelo aliyaweka kwenye sahani yangu. Msamaha wa mafua! Nimeutafuna mpaka mfupa.

Jumatatu, 30 Oktoba

Sina la kuandika. Pitse kidonda kimefunga. Mama Tirelo amenionyesha kwa furaha, akipekua manyoya. Biskuti analala dirishani — nimepigilia wavu — anamtazama Pitse uani kutwa nzima. Hana chuki tena. Mimi ndiye niliyebaki na kitu.

Sasa ananiita Mama Biskuti kwa heshima, na mtaa mzima unafuata. Hawacheki. Amewasimulia wote habari za koti.

Ijumaa, 10 Novemba

Mvua ya kwanza. Watu wameanza kufunga mizigo kwenda kulima. Kliniki imejaa, kila mtu anataka dawa za miezi ya shambani.

Nilijipa ahadi kwamba leo nitavuka waya. Nikavuka. Nikamkuta anachambua mbegu za tikiti na Pitse kalala kwenye beseni, juu ya mbegu. Nikaanza: "Mama, kuna jambo kuhusu Biskuti." Akanyanyua mkono. Akasema kama ni lile lile, asisikie. Mjomba wako si mtu wa kurudiwarudiwa. Nikamsaidia kuchambua mbegu.

Nasema alinizuia. Hapana. Nilifurahi aliponizuia.

Jumamosi, 18 Novemba

Mama Tirelo yuko sebuleni kwangu sasa hivi. Nimekuja jikoni kuchemsha chai, na naandika nikiwa nimesimama, kwenye ubao wa kukatia nyanya, kwa sababu nisipoandika nitapiga kelele.

Amekuja na kikapu. Pitse yumo ndani. Kesho alfajiri anakwenda mashambani mpaka mwisho wa Januari, huko kuna mbweha, na hawezi kumwachia mtu mwingine. Wameshapatana, anasema. Walisuluhishwa na wazee, watakuwa ndugu. Nikasema nitamlisha kule kule kwake. Akasema paka hawezi kuachwa kwenye nyumba tupu, atadhani amekufa yeye. Nikasema Biskuti ana wivu. Akasema wivu huisha kwa kulala pamoja.

Nikakipokea kikapu.

Kisha akaniomba niketi. Amefungua pochi, akatoa chupa ya plastiki isiyo na karatasi. Naijua ile chupa. Kutwa nzima naziona kliniki. Akasema anameza dawa zile tangu Tirelo akiwa darasa la tatu. Anachukulia Kanye, mbali, ili asionwe na mtu wa hapa, na huko shambani vidonge vitamwishia kabla ya Krismasi, basi anaomba mimi nimchukulie na nimpelekee. Tirelo hajui. Dada zake hawajui. Hakuna anayejua mtaa huu.

Nikasema yale ya kazini: asante kwa kuniamini. Akacheka kidogo.

"Sikukuamini kwa sababu ya kliniki," akasema. "Watu wa kliniki wana midomo kama wengine. Nimekuamini kwa sababu ya yule jogoo. Mtu anayemleta mjomba wake kutoka Mochudi kuja kusema jino la paka, huyo hana anachokificha."

Nikasema ngoja nilete chai.

Biskuti yuko chumbani. Nilimfungia niliposikia kikapu kikigonga lango. Ameshamnusa mwenzake, anakwaruza mlango. Na kule sebuleni nasikia kikapu kinafunguliwa, kile kifuniko cha ukindu, na yeye anasema taratibu kwa sauti anayomwekea mumewe: toka, toka baba, nenda kamsalimie ndugu yako.

Maji yamechemka zamani.

Kitasa cha chumbani kimezungushwa. Mara moja. Sasa tena.

"Mama Biskuti," anaita, "mlango huu umefungwa. Ufunguo uko wapi?"

Uko mkononi mwangu. Kwa kuubana umeniachia alama kiganjani.

"Mama Biskuti?"