Mlio wa Pedali Yangu

Jumanne, 1 Machi 1994

Nimerudi Dayton kutoka Chicago. Albamu ya tatu ya bendi yetu! Zile mbili za kwanza tulirekodi gereji kwa Mama, mashine ya kaseti juu ya friji bovu. Safari hii studio ya kweli, mpaka kuta zina zulia. Nimepiga drams siku mbili, kisha prodyuza, Lyle, akaniambia tumeshapata, niende nyumbani nikanyonyeshe. Mtu mwema. Hata pedali yangu ya ngoma kubwa, inayolia kama mlango wa banda, hakuilalamikia — alitabasamu tu. Kaka Curtis kabaki kuimba. Dessa wangu ana jino!

Jumatano, 8 Juni

Kaseti imefika! Mama kaipiga asubuhi nzima mkahawani anakohudumu. Anawaambia madereva wa malori, "Sikilizeni mikono hiyo! Nimeizaa mimi." Mzee mmoja akamwambia, basi pai aletewe na binti, maana mama mikono imejaa sifa. Tulicheka! Nikapokea pongezi zote. Zote.

Jumamosi, 11 Juni

Nimesikiliza kwa hedifoni, Dessa ananyonya. Wimbo wa kwanza — pedali hailii. Wa pili, kimya. Kwenye albamu zile mbili inalia kila wimbo, hadi watu walituandikia kuisifu. Nami sijawahi kuitia mafuta. Halafu ile ngoma ya kasi kwenye wimbo wa kwanza... mguu wangu haujui kufanya vile. Nilidhani mashine zao zimenipamba. Mjinga mimi! Wa kumi, wa mwisho, ndiyo: kwii, kwii. Huyo ni mimi.

Jumatatu, 13 Juni

Nimemuuliza Curtis. Akaanza kukaza nyuzi za gitaa ambazo hazijalegea.

"Dada, ulikuwa hulali, maziwa yanakuvujia kwenye shati. Lyle akaita mtu wake. Asubuhi moja tu akapiga nyimbo tisa."

Na jina langu kwenye jalada?

"Kwani mpigaji wetu si wewe?"

Mama akaingia, akauliza mbona uso umeniiva. Nikasema joto.

Ijumaa, 17 Juni

Naandika chooni, nyuma ya jukwaa. Leo tunazindua albamu. Siku zote hizi nimefanya mazoezi juu ya mito ya kitandani, Dessa akilala. Ile ngoma ya kasi naipata nusu. Mama kaja na nusu ya mkahawa.

Curtis amegonga. "Wimbo wa kwanza tuuruke? Nitasema uzi umekatika." Nikamjibu hapana, tupige kama ilivyopangwa. Sijui nani kasema hivyo kwa mdomo wangu!

Namsikia Mama koridoni, Dessa mgongoni, anamtambia mlinzi wa mlango: "Ngoja wimbo wa kwanza, mwanangu. Utadhani wanaopiga ni wawili."

Ni wawili, Mama. Yule mwingine simjui hata jina.

Nimekuja na kichupa cha mafuta ya cherehani. Tone moja, pedali itanyamaza kama ya kwenye kaseti, na Mama hatajua kitu. Ipo hapa mapajani. Curtis anagonga tena, taa zimeshazimwa ukumbini. Kifuniko nimekifungua. Nimeibonyeza kwa mkono, kujaribu tu. Kwii.

Nje Dessa kacheka — anaujua mlio huu tangu tumboni.

Kichupa bado ki wazi. Nimebonyeza tena, na Dessa kacheka tena. Nakifunga bila kudondosha tone.