Alalili ya Baba na Usaili wa Jumatano

Jumatano, 10 Septemba 2025
Usaili ni wiki ijayo! Kambi ya watalii upande wa pili wa Mlima Meru — wanataka waongozaji wanafunzi wawili, tumeomba kumi na tisa. Miaka miwili nimekaa nyumbani, cheti kwenye bahasha. Hii siwezi kuikosa, nimechoka.

Leo nimeenda Elerai kwa Madam Theresia, aliyenifundisha Kiingereza sekondari. Kasema lazima wataniuliza maana ya "conserve". Nikatunga sentensi: simu yangu naiconserve, nimeifungia kabatini. Kacheka mpaka kaweka chai chini. Hiyo umeificha tu, anasema. Conserve ni kutunza kitu kisiishe, huku bado kinatumika. Nimekariri njia nzima hadi nyumbani Kisongo. Maana ninayo, mfano sina.

Jumapili, 14 Septemba
Baba yuko msibani Monduli, alalili — malisho yetu ya akiba, yaliyozungushiwa miiba — kaniachia mimi. Ndani ya uzio majani yanafika magotini, nje vumbi tupu. Kayafunga tangu Mei — Oktoba ndiyo waingie ndama na ng'ombe dhaifu, basi.

Asubuhi kaja Mama Simaloi, jirani. Ng'ombe wake kazaa juzi, maziwa hayatoki, ndama analegea. Anaomba siku tatu tu. Jamani, ningefanyaje? Nimefungua. Ng'ombe mmoja na ndama wake. Miiba nimeirudishia mwenyewe, mikono yote imechanika.

Jumatatu, 15 Septemba
Baba karudi. Shikamoo yangu kaitikia nusu. Keshasikia njiani, kauliza wameingia wangapi. Mmoja. Kazunguka uzio wote, karudi, kasema nimeziba vizuri kuliko yeye. Sikutegemea kabisa.

Jumatano, 17 Septemba
Naandika nikiwa kwenye benchi, nje ya ofisi yao.

Wameuliza conserve kweli. Nikaeleza alalili, na nilivyomfungulia Mama Simaloi — Kiingereza kikikwama naonyesha urefu wa majani kwa mkono. Mama mmoja mwenye miwani kanikatiza: kama mnatunza, mbona ulimfungulia jirani? Moyo paa! Nikajua nimejichongea. Nikasema tuliyatunza kwa siku kama ile. Na kwamba angeleta ishirini ningekataa. Hakuna aliyecheka. Nikaambiwa nisubiri nje.

Wenzangu watatu wameambiwa watapigiwa simu, wameondoka. Mimi sijaambiwa hivyo.

Yule mama katoka sasa hivi, kauliza navaa buti namba ngapi. Thelathini na nane, nimesema. Kaandika, karudi ndani, mlango kauacha wazi.