Kiprono, Nimetaja Jina Lako

Kwako Kiprono, ndugu yangu mkubwa, mwenye miguu mirefu kuliko akili,

Usikasirike. Ungekuwepo ungenirushia kiatu, na mimi ningekwepa, maana katika boma hili hakuna mwepesi kama mimi. Najua utabisha. Basi wewe ulikuwa mwepesi wa mbio, mimi ni mwepesi wa mdomo, na ni huo mdomo umefanya nikuandikie leo. Mwandiko uvumilie. Niliacha shule darasa la saba, si kwa ujinga, ni vile walimu walishindwa na mimi.

Unakumbuka siku ile kwenye kilima, tukipeleka majani ya chai kupimwa? Tulikuwa tunashindana, vikapu mgongoni, njia yote matope. Ulikuwa mbele. Ukasimama, ukapapasa hewa kama mtu anatafuta ukuta, ukaanguka chini na kikapu chako, majani yakamwagika yote. Ulilala pale kama taa imezimwa. Halafu ukafungua macho ukauliza, "Majani yamelowa?"

Mimi nikacheka. Kiprono, nilicheka. Nikasema, "Bingwa wa shule nzima anaangushwa na kikapu cha chai. Wacha nikuitie wasichana wakubebe."

Ukanishika shati. "Wewe, nyamaza. Baba akisikia atanikataza kukimbia."

Nikanyamaza. Mimi, ambaye hata kanisani sinyamazi. Wiki chache baadaye ulianguka uwanjani, mzunguko wa mwisho, ukiwa unaongoza. Watu walidhani umejikwaa. Nilikuwa kwenye ua wa uwanja napiga kelele, "Amka, wanakupita." Ulikuwa na miaka kumi na minane, na safari hiyo hukuuliza kitu.

Unajua vile kwetu tunafanya. Kijana akifa kabla hajaoa, jina lake linawekwa chini pamoja naye. Baba anasema ukilitaja unamwita arudi kuchukua mwingine. Picha yako ilitolewa ukutani. Mgeni akimuuliza Mama ana watoto wangapi, anasema wawili, halafu anaenda kuchochea moto ambao hata haujafifia. Wengine walinong'ona ati ulirogwa kwa wivu. Mimi nilijua juu ya kile kilima, na sikusema.

Sasa sikia. Chelangat, yule dada yetu uliyekuwa unambeba mabegani, ana miaka kumi na mitano. Amechukua miguu yako, pole yake. Mwezi uliopita alikuwa akishindana na wenzake kutoka shule, akaanguka mbele ya geti letu. Akaamka, akasema ni njaa. Mama akampa mursik, maziwa yetu ya kugandisha, kibuyu kizima. Baba akasema wasichana wa umri huo huanguka tu. Lakini mimi nilikuwa nimeona mtu akiamka hivyo. Nilisumbua siku tatu, nikagoma kuchuma chai, mpaka wakasema heri wampeleke hospitali Kericho wapate amani.

Daktari alikuwa kijana, kalamu sikioni kama fundi seremala. Aliposema anashuku moyo, Baba akamwambia, "Ugonjwa wa moyo ni wa wazee. Jirani yetu alianguka juzi akipogoa chai, lakini yeye alikuwa na miaka sitini."

"Mzee akianguka ghafla," daktari akasema, "mara nyingi ni mishipa ya kulisha moyo imeziba. Sigara, presha, sukari. Kijana hana hayo. Kijana akianguka, mara nyingi ni moyo wenyewe alivyozaliwa nao. Nyama yake ni nene kupita kiasi, au mapigo yake yanavurugika, na hiyo hutembea kwa ukoo."

"Huyu ni msichana," Baba akasema.

"Wavulana ndio huanguka zaidi, Mzee. Wasichana ni wachache, lakini wapo. Hata akina mama, wao huanza kuumwa wakiwa wamezeeka kidogo kuliko wanaume, na wengine hawalalamiki kifua. Wanasema wamechoka, nanyi mnawaambia wakalale." Mama akaangalia sakafu. Daktari akachukua kalamu. "Kuna mwingine kwenu aliyeanguka ghafla akiwa kijana?"

"Hapana," Baba akasema.

Daktari akaanza kuandika hiyo hapana. Chelangat alikuwa ananing'iniza miguu kitandani, hajui kitu. Nikaona ile kalamu inatembea, nikasema, "Kuna Kiprono. Ndugu yetu. Alianguka mara mbili. Ya kwanza nilificha mimi."

Baba alitoka nje. Daktari alikata ile hapana akauliza umri wako, nikamwambia. Chelangat ameandikiwa barua ya kupimwa moyo katika hospitali kubwa, na asikimbie mpaka apimwe. Akasema mimi pia nipimwe. Nikamwambia moyo wangu ni wa simba. Hakucheka. Mimi pia sikucheka, na tangu hapo nikipanda kilima nasikiliza kifua changu kama mtu anasikiliza redio ya jirani.

Nakuomba msamaha kwa kile kicheko, na zaidi kwa kunyamaza. Ningesema, labda ungenichukia, ukae hapa unanichukia mpaka uzeeke. Ningekubali.

Wiki mbili Baba hakusema na mimi. Jana asubuhi alinikuta nakamua ng'ombe, akasimama nyuma yangu.

"Huyo daktari alisema wewe pia uende?"

"Ndiyo, Baba."

"Enda na dada yako." Akasogeza ndoo karibu nami. "Ukifika, mwambie pia kuna Kipkoech."

Nikauliza Kipkoech ni nani.

"Ndugu yangu," akasema. "Alinifuata mimi kuzaliwa. Alianguka kabla hajaoa."

Tunaondoka Jumanne. Lala salama, Kiprono.

Ni mimi mdogo wako, mwenye mdomo.