Makaa Yetu Hayajafika Ulaya

Alhamisi, baada ya mkutano

Na bado nimekasirika, hata chai haishuki.

Huyo bwana kutoka Ulaya ametuonyesha picha ukutani asubuhi nzima. Ati kwao wameamua uchumi utakuzwa kwa utafiti na uvumbuzi, na kuna fungu la fedha kwa washirika wa huku. Wanataka wazo jipya, ambalo halijawahi kufanywa na mtu yeyote. Nikainua mkono. Nikaeleza vile kikundi chetu cha akina mama hapa Mathare kinachukua maranda ya maseremala wa soko la Gikomba, tunayachanganya na udongo, tunayafinyanga na kuyakausha yawe makaa ya kupikia.

Akatabasamu. Kwa Kiswahili chake cha darasani akauliza, "Vizuri sana. Yameshatumika wapi?"

"Hapa Mathare. Yanaivisha hata maharagwe."

"Namaanisha mahali panapojulikana. Ulaya, kwa mfano."

Nikakaa chini. Wazo liwe jipya, lakini liwe limeshazeeka kwao.

Mama Nekesa, mwenyekiti wetu, nilimkuta ananingoja mlangoni. "Wamesemaje, dada?" Nikamwambia bado wanafikiria. Mvua iko karibu na banda letu la kukaushia halina paa, ningemwambia nini tena?

Nimewaza tumtumie shemeji yangu aliye Ubelgiji gunia moja, ayawashe huko, tupate ushahidi.

Ninachoogopa ni kwamba yatawaka vizuri. Halafu watatuletea mtaalamu wa kutufundisha kuyatengeneza.